Chai ya Jumamosi kwa Lucia

Makambako,
9 Septemba 1956

Shangazi yangu mpendwa,

Unisamehe kwa kutoanza na salamu. Tangu jana asubuhi kuna mlio mmoja ambao hauniondoki masikioni, na nikikuuliza habari za nyumbani kabla ya kuuandika nitakuwa nakudanganya. Ni mlio wa benchi. Katika hoteli ya chai ya Lucia, hapa kituo cha mabasi, lipo benchi lenye mguu mbovu. Watu wawili wakikaa, mmoja huku na mmoja kule, linatulia. Mmoja akiinuka bila kumwambia mwenzake, upande wa pili unashuka na kugonga sakafu. Jana mtu aliinuka ghafla, benchi likagonga, nami nikaanguka pamoja na chai yangu. Usiku kucha limekuwa likigonga.

Sasa salamu. Shikamoo, Shangazi. Mimi ni mzima wa mwili. Kifua cha Baba kinaendeleaje na baridi hii? Je, yule ng'ombe mwekundu amezaa? Darasa langu la Pili lina watoto hamsini na mmoja, na wenye viatu ni wawili.

Sikuwahi kukuambia kwamba kila Jumamosi huenda kunywa chai ya asubuhi kwa Lucia. Ni mjane kutoka Uwemba, alijifunza kuoka mkate kwa masista. Hoteli yake ni chumba kimoja cha matofali mabichi, dirisha lake limepakwa rangi ya buluu, na pazia ni gunia la unga alilolitarizi maua mekundu. Saa moja unusu mkate hutoka ukiwa na joto. Pale kuna madereva, kuna wanawake wanaosubiri basi na vikapu vyao vya njegere, na hakuna anayeniuliza naolewa lini. Nilikuwa nikikaa na kikombe changu nikijiona mtu.

Mwezi wa sita alianza kuja mzee mmoja, nyapara wa kambi ya barabara. Alikaa upande wa pili wa benchi kwa sababu penginepo palikuwa pamejaa. Alinitazama nikila, akasema, "Mwalimu, unaula mkate kama unausahihisha." Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu nilipofika Makambako. Basi tukazoeana. Sikumwuliza jina, naye hakuniuliza langu. Mimi nilikuwa Mwalimu, yeye alikuwa Mzee. Akinunua maandazi aliyaweka katikati yetu, sahani moja.

Jana basi la Njombe liliwahi. Akaingia Gideoni, mchumba wangu, na buti mpya mkononi.

"Kamwene, baba," akamsalimu yule mzee. Kisha akaniona. "Idda? Mmekwisha kujuana?"

Mzee akauliza taratibu, "Idda yupi?"

"Idda wa Mwalimu Yonathani, baba. Mkweo."

Ndipo alipoinuka.

Shangazi, ningemjuaje? Miaka kumi na moja alikuwa kwenye mkonge huko Tanga, na posa yangu ililetwa na mdogo wake, Mzee Hezekia. Sura ya Mzee Anania, baba yake Gideoni, sikuwahi kuiona. Wewe unajua kuliko mimi jinsi ukoo wao wa Ipelele ulivyo mkali. Mke wa mwana akimwona baba mkwe njiani huingia majanini mpaka apite. Na msichana aliyekula naye sahani moja huhesabiwa kuwa binti yake wa kumzaa. Hawezi kuolewa na mwanawe. Gideoni hakunigombeza. Aliokota kikombe, akakiweka mezani, akatoka kumfuata baba yake.

Tulikula pamoja labda mara mbili, mara tatu. Mwambie Baba sikujua.

Mwanao,
Idda


Njombe,
2 Oktoba 1956

Mwanangu Idda,

Marahaba. Sisi tupo. Ng'ombe amezaa dume, bahati yetu ndiyo hiyo. Baba yako anakohoa usiku lakini mchana anajidai kijana, juzi nimemkuta juu ya paa anatia majani, nikamwambia shuka, mazishi sasa hivi hatuna nafasi. Viazi vya bondeni vimekuwa vizuri. Nakutumia debe moja kwa basi, umwambie kondakta nimevihesabu.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea baba yako sehemu. Usiniulize alisema nini.

Hebu niambie, mwanangu, chai ya kununua ina nini ambacho yangu haina? Nimekulea tangu mama yako afariki, nimekupikia uji wa ulezi miaka kumi na minne, sijasikia ukicheka mezani kwangu. Nimeishi miaka hamsini na mbili na sijapata kukaa benchi moja na mwanamume nikala. Hata marehemu mume wangu nilimsikia akitafuna kupitia ukutani. Sisemi kwamba ilikuwa vizuri. Nasema hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Wazee wa Ipelele wamekwisha sikia. Neno lao ni hili: aliyekosa bila kujua huoshwa kwa kondoo, na mambo yakaisha. Aliyekula kwa kujua, hakuna kondoo wa kumwosha. Kwa hiyo yote yanakaa juu ya neno hilo moja, ulijua au hukujua.

Sasa nina swali. Gideoni alipita hapa Jumapili, macho mekundu, maskini. Anasema baba yake hajui kusoma, na tangu mwezi wa sita barua zake zote husomewa na Mwalimu wa hotelini. Nawe unasema mara mbili, mara tatu. Halafu mwezi wa saba Hezekia alikuja hapa kwetu kukamilisha maneno ya posa, akataka amwandikie kaka yake. Hezekia naye kalamu hajui kuishika. Mimi ndiye niliyemwandikia. Unaukumbuka mwandiko wangu. Katika barua ile niliandika jina lako, jina la baba yako na shule yako, na onyo la Hezekia kwamba Anania ajihadhari asikutane nawe hapo Makambako.

Ilifika?

Usiende tena katika ile hoteli.

Mimi shangazi yako,
Dorika


Makambako,
28 Oktoba 1956

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Viazi vimefika vyote, kondakta aliniapia. Nafurahi kwa ajili ya ng'ombe hata kama ni dume. Tafadhali mfiche Baba ile ngazi.

Hapa mvua bado. Vumbi la magari ya Mbeya linaingia darasani, na watoto wanaandika majina yao juu ya madawati kwa vidole. Nimewaacha waandike.

Siendi tena kwa Lucia. Jumamosi nachemsha chai chumbani na kuinywa nikitazama ukuta. Umeuliza chai ya kununua ina nini. Nimelifikiria swali hilo kuliko ulivyotaka, kwa sababu sina jambo lingine la kufikiria. Nadhani jibu ni kwamba niliulizwa maswali. Nimesoma miaka kumi na miwili, nimeulizwa maswali mengi, lakini kila aliyeniuliza alikuwa na jibu mfukoni tayari. Yule mzee aliuliza kwa kuwa hakujua. Siku moja aliniuliza kwa nini katika ramani ya ukutani nchi za Waingereza zote zimepakwa rangi moja, kana kwamba mvua hunyesha siku moja kote. Nilimjibu vibaya. Akaondoka nalo jibu langu wiki nzima, akafukia mashimo ya barabara akiwa nalo, na Jumamosi iliyofuata akaja kunionyesha mahali nilipokosea. Usifikiri uchafu, Shangazi. Hapakuwa na uchafu wowote. Ni kwamba kila wiki kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa akifikiri juu ya nilichosema.

Gideoni ni mtu mwema. Huniandikia mara mbili kwa mwezi. Huniambia wagonjwa aliowafunga vidonda ni wangapi, na kwamba ameagiza kitanda. Ninapozisoma barua zake nasikia baridi ikianzia miguuni. Nikiolewa naye, nitapika chakula cha yule mzee na kukiacha mlangoni, na nikisikia hatua zake nitajifunika kanga. Atazeeka nyuma ya ukuta wangu. Mambo haya niliyajua nilipokubali posa; sikujua tu kwamba ukutani atakuwapo mtu ninayemjua.

Kuhusu barua uliyouliza, barabara zetu ni mbaya wakati wa masika na barua nyingi hupotea.

Naamka alfajiri na sitaki siku ianze. Kisha inaanza.

Mwanao,
Idda


Makambako,
9 Desemba 1956

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita zimepita bila neno lako. Kila basi la Njombe likifika namtuma mtu kuuliza. Shule imefungwa, wenzangu wameondoka, nami sikuja nyumbani kwa sababu hujaniambia kama nije.

Baba ni mzima? Niandikie hilo tu, hata kama mengine hutaki.

Idda


Njombe,
20 Januari 1957

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako alilala wiki tatu, tukadhani ndiyo safari. Sasa anakaa juani na kulalamika kuhusu uji, kwa hiyo amepona. Sikukuandikia kwa kuwa alinikataza kukutisha, na kwa kuwa kila niliposhika kalamu mkono wangu ulikumbuka barua ile nyingine.

Mwezi wa saba hakuna masika, Idda. Mwezi wa saba barabara ni kavu kama mfupa, hata mtoto wa Darasa la Pili anajua.

Lakini sikiliza yaliyotokea. Wazee walikutana hapa kwetu baada ya Krismasi. Walikuja sita kutoka Ipelele, na Anania alikuja. Alikaa karibu na mlango, kofia magotini. Ni mwembamba kuliko nilivyodhani. Hezekia akamwuliza mbele ya watu wote, "Kaka, mwezi wa saba nilikutumia barua. Ulipata?"

Anania akasema, "Sikupata."

"Barua nyingine zote ulipata."

"Hiyo sikupata. Unataka niape juu ya karatasi nisiyojua kuisoma?"

Watu wakacheka kidogo. Hezekia akanigeukia. Mimi niliyeiandika, niliyeipeleka posta kwa miguu yangu, nikasema posta siku hizi ni kama ng'ombe wa kukodi, hafiki kila anakopelekwa. Jambo likaisha hapo.

Wameamua. Jumamosi ya tarehe 6 Aprili utakuja, kondoo atachinjwa, wewe na Anania mtaoshwa mikono na midomo, kila mmoja upande wake wa ua. Utasema mara tatu, "Sikujua." Naye atasema hivyo hivyo. Baada ya hapo yeye ni mkweo, hamtaonana tena, na mchungaji atawafungisha ndoa Jumatatu ya Pasaka. Gideoni alilia kwa furaha. Baba yako alikula sahani mbili.

Lile swali langu nimelifuta. Sikuliuliza. Neno lenyewe ni fupi, mwanangu, si zito mdomoni. Wanawake tumesema mazito kuliko hilo na nyumba zikasimama. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako niliwahi

Nimeishiwa na wino. Nitakushonea gauni, nipe kipimo cha kiuno, na usinidanganye.

Shangazi yako,
Dorika


Makambako,
31 Machi 1957

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Baba na zile sahani mbili. Mvua hapa ni nyingi, daraja la chini lilizama siku mbili na watoto wa ng'ambo hawakuja. Mmoja wao, msichana mdogo kuliko wote, amejifunza kusoma kabla ya wenzake na sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya magunia. Nilimwambia asome kimyakimya, kisha nikajuta.

Kipimo cha kiuno sijakuletea. Utaelewa ukifika mwisho.

Barua yako ya mwezi wa saba ilifika. Mzee aliitoa mfukoni Jumamosi ya tarehe 28, akanipa juu ya sahani ya maandazi. Zile za nyuma nilizomsomea zilianza tu 'Kaka' au 'Mzee wetu', hazikuwa na jina lililonishtua. Niliujua mwandiko wako kabla sijaifungua. Nikafikiri, Shangazi anamwandikia nani huyu? Nikaanza kusoma kwa sauti: salamu, baridi, ng'ombe wa Hezekia aliyevunjika mguu. Nilipogeuza karatasi niliona jina langu. Niliona na onyo. Nilitazama juu, Mzee alikuwa anangoja, andazi mkononi. Nikasema, "Basi, na salamu kwa wote." Nikaikunja nikamrudishia.

Sikufikiri. Au nilifikiri upesi kiasi kwamba sikujisikia. Nilijua kwamba nikilisoma lile jina ataondoka, na Jumamosi itakuwa siku kama nyingine.

Kisha nilirudi tarehe 4, na tarehe 11, na 18, na 25, na 1 Septemba, na 8. Mara sita, Shangazi, nikijua. Nilikula naye sahani moja nikijua ni nani. Hilo ndilo nililolificha, na wewe ulilijua, ukalifuta ili nipone. Nakushukuru. Ningekuwa mtu mwingine ningelipokea.

Tangu Januari nimejaribu kulisema lile neno. Nimesimama chumbani nikasema mara tatu, sikujua, sikujua, sikujua. Ni kweli si zito. Hilo ndilo lililonitisha. Niliona kwamba nikishaweza kulisema hilo nitaweza kusema lolote, na nitaishi Ipelele miaka arobaini nikiwa mke mwema, na ndani hamtakuwa na mtu. Na kondoo yule angeosha kitu ambacho sitaki kioshwe. Nina kitu kimoja tu, hakina jina, si ndoa wala si dhambi. Ni Jumamosi kumi na tatu.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Lucia. Sikuwa nimekanyaga pale tangu Septemba. Nilikuwa nimesikia kwamba Mzee siku hizi hanywei chai ndani. Hukaa nyuma ya nyumba karibu na tanuri la mkate, juu ya debe lililofudikizwa, uso ukutani, ili mwalimu akipita asimwone.

Lucia aliponiona naelekea mlango wa nyuma alisema, "Mwalimu, huko kuna moshi."

"Najua."

"Najua unajua. Ndiyo maana nakwambia."

Alinipisha. Mzee wa Kanisa wetu alikuwa amesimama pale tanurini akingoja mkate wa nyumbani kwake. Nilimwamkia. Kisha nikaketi chini kwenye kuni, hatua moja kutoka kwa Mzee Anania. Alivuta koti lake juu ya kichwa.

"Mwalimu, ondoka," akasema kutoka ndani ya koti. "Wiki moja tu imebaki. Kondoo amekwisha nunuliwa."

"Barua ya mwezi wa saba sikukusomea yote," nikamwambia. "Upande wa pili uliandikwa hivi: Mchumba wa mwanao anaitwa Idda, binti wa Mwalimu Yonathani wa Njombe, anafundisha hapo hapo Makambako ulipo. Ujihadhari, kaka, msikutane." Nilikuwa nayo kichwani neno kwa neno.

Mkate ulianza kunukia. Mzee wa Kanisa hakuondoka, na sikutaka aondoke.

Hatimaye Mzee akasema, bila kufunua uso, "Mimi sijui kusoma, Mwalimu, lakini macho ninayo. Karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili. Wewe ulisoma upande mmoja, uligeuza, ukanitazama, ukaikunja."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ningeuliza ili iweje?"

Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Nilingoja uniambie. Halafu nikawa naogopa utaniambia."

Akainuka. Hakunitazama. Alimpita Mzee wa Kanisa akishika ukuta kama mtu aliyetoka kuugua, akaenda njia ya kambini, koti bado kichwani, wanawake wa njegere wakimshangaa. Chai yake aliiacha chini, haijafika nusu.

Naandika haya bila furaha, usidhani nimeshinda kitu. Hatarudi kwa Lucia. Leo nimesikia ameomba kuhamishiwa kambi nyingine. Gideoni atalia tena, na safari hii kwa sababu yangu. Mzee wa Kanisa amekwisha nijulisha kwamba baraza la wazee wa kanisa litanizuia kwenye Meza ya Bwana, na nadhani shule nayo itafuata. Baba hatasema neno, nawe hutaniambia hakusema nini. Nimetafuta mtu mmoja ambaye jambo hili limemfaa, sijampata. Hata mimi halikunifaa.

Gideoni nimemwandikia barua yake mwenyewe, imo katika basi hili hili. Kondoo wasimchinje. Mwambie Baba, na umwambie kabla hajala, kwamba tarehe 6 sitakuja, kwa sababu jana, Mzee alipokwisha kupotea njiani, nilikiokota kikombe chake nikakaa kwenye debe lake, nikaweka mdomo pale alipoweka yeye, nikanywa chai yote mbele ya Mzee wa Kanisa, nikijua ni ya nani. Kisha nikamrudishia Lucia kikombe, nikaenda kusahihisha madaftari.

Mwanao,
Idda